Breki ya Mkono

Terne tulimuuzia daktari wa meno kutoka Odense,
kijana mwenye viatu vyeupe,
akagonga mbao za ubavuni kwa kifundo cha kidole
kama anayetafuta jino bovu.
Preben alimtajia kila ufa, kila msumari uliobadilishwa,
hata uvujaji wa nyuma ya kabati la ramani
ambao hakuna aliyeuuliza.
Kisha akaketi gatini na kata mkononi,
ile kata ya bati ya kukombea maji.
Hakuiandika kwenye orodha ya mauzo
wala hakusema ataifanyia nini.

Ni nyonga yake iliyoamua, si sisi.
Juni ile mguu uligoma kuvuka ukingo,
akabaki ametagaa, mmoja gatini, mmoja chomboni,
na maji yakipanuka katikati.
Nilimvuta kwa mkanda wa suruali.
Tulicheka sana.
Usiku hatukucheka.

Gari tulilipata Vejle, jeupe, refu kama friji iliyolazwa,
mali ya mjane aliyelitundikia mapazia ya vijiua vya manjano.
Sikuyatoa. Kuna mtu aliyashona akiwaza safari.
Linapokata kona vikombe vinalalamika,
ingawa nimevitenganisha kwa matambara
kama nilivyofanya miaka thelathini na mmoja.
"Nenda joshi, Birthe, nenda joshi!"
ananiambia kwenye mzunguko wa Flensburg,
na lori linatupigia honi mgongoni.
Preben, hapa hakuna joshi wala demani,
kuna njia ya kwanza ya kutoka, ya pili, na ya tatu,
na tayari umenipitisha zote.

Baharini tulingoja upepo.
Hapa tunangoja taa.
Na mistari! Hakuna aliyenionya kuhusu mistari,
mizima, ya kukatika, ya kuvukwa na isiyovukwa,
kama ardhi yote ni daftari la mtoto wa shule.

Usiku wa nne tulilala nyuma ya kanisa, karibu na Kassel,
mbali na bahari kwa kipimo nisichotaka kukipiga.
Niliamka, upande wake wa kitanda umepoa.
Alikuwa nje, koti juu ya pajama, tochi mdomoni,
ameinamia gurudumu.
"Unatafuta nini?"
"Naangalia kama tumejongea."
Alikuwa amechagua alama zake mbili, kama kila usiku wa nanga:
mnara wa kanisa na taa ya kituo cha mafuta,
akizipatanisha kwa jicho moja.
Hazikuwa zimeachana hata unywele.
Breki ya mkono niliivuta mwenyewe, ningeweza kumwambia.
Nikavaa kandambili,
nikafumba jicho langu, nikapima naye.
"Imeshika," nilisema.
"Imeshika," alisema, tukaingia ndani.

Daftari la safari bado naliandika.
Upepo: magharibi, wa kutikisa taulo kwenye kamba.
Kina: naacha wazi.
Walisema hata uende tezi na omo, marejeo ni ngamani;
chetu hakina ngama, kina tangi la maji machafu,
na kulimwaga ni zamu yake.

Halafu ikaja mvua ya Salzburg.
Tone la kwanza lilinipiga shavuni, la pili likaingia sikioni,
kisha dirisha la paa likaacha kuhesabu.
Preben aliruka. Naapa, aliruka, na nyonga yake ile,
akapapasa chini ya kiti cha dereva,
akatoka na kata ya bati,
amepiga magoti kwenye zulia la mjane,
akikomba, akimwaga mlangoni, akikomba,
ananong'ona hesabu yake ya zamani.

Nilishika tochi. Nikafungua daftari.
Saa nane na robo usiku, nikaandika, gari linavuja.
Nikalitazama neno gari.
Nikalikata.